Pombe ya Bonifasia Isiyotiwa Maji

Mama yangu, Koleta, alipika pombe ya ndizi hapa Kasulo tangu kabla sijazaliwa. Wakimbizi walipofika, na vilima vya jirani vikageuka buluu kwa maturubai, wengi walikuja kwetu kuomba kibarua. Mmoja wao alikuwa Bonifasia, mjane kutoka Burundi, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinakaribiana, kwa hiyo yeye na Mama walielewana siku hiyohiyo. Walikamua ndizi mbivu pamoja kwa nyasi, wakicheka mambo ambayo sisi watoto hatukuambiwa.

Mpaka leo nikipita penye harufu ya mtama uliokaangwa, ule unaotiwa ili pombe ichachuke, nawaona wale wawili wameinama, povu limewafika viwikoni.

Mwaka wa tisini na tano dada yangu Joyceline aliolewa kijiji cha Bukiriro. Mama alipika mitungi mitano. Bonifasia hakuwa na zawadi, akaomba mikungu miwili ya ndizi, akapika mtungi mmoja wa kwake.

Siku ya harusi mtungi huo ulifunguliwa kwanza, kwa heshima yake. Pombe ilikuwa tamu, haina ukali hata kidogo. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, hivyo mdogo wake, Evaristi, ndiye aliyepaswa kumkabidhi bibi harusi. Alikunywa vibuyu vitatu, kama alivyozoea. Aliposimama akasema, "Wakwe zetu," akapapasa kiti, akakikosa. Akalala palepale kwenye nyasi.

Wageni walitazamana. Mzee mmoja wa Bukiriro akasema kwa sauti, "Huyu mkimbizi ametia kitu humu."

Siku zile neno kama hilo lingeweza kumfukuzisha mtu, au kumletea mabaya zaidi. Bonifasia alichota pombe kwa kikombe kidogo cha chai kutoka mtungi uleule, akanywa mbele yao mpaka tone la mwisho, kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Sikutia kitu. Hata maji sikutia."

Mama alishika kichwa, akaelewa. "Jamani, kosa ni langu," alisema. "Mimi kila ndoo ya maji ya ndizi naiongezea ndoo ya maji ya kisima. Yeye amepika ndizi tupu, kama kwao. Hii hainywewi kwa kibuyu, ni ya kikombe. Nilipaswa kuwaambia mapema."

Mzee aliitikia, "Marahaba," akaomba kikombe.

Evaristi alikuwa bado anakoroma. Mama, ambaye hakuwahi kuhutubia popote, alimshika Joyceline mkono akamkabidhi mwenyewe. Alisema maneno machache tu, sauti ikikatika. Hata waliokuwa wakilalamika walilia.

Wiki iliyofuata Evaristi alikuja na bia ya chupa, aibu imemjaa. Nilikuwa darasa la sita, akaniambia nisome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

"Asilimia tano," nilisoma.

"Maana yake katika vikombe mia, vitano ni kilevi chenyewe," Evaristi alieleza.

Bonifasia alionja, akafumba macho. "Hii ni sawa na ya Koleta, siku ya tatu ya kuchachuka."

"Na ya kwako?" Evaristi aliuliza.

"Yangu labda mara mbili. Lakini haina karatasi, shemeji. Inataka mtu wa kuisemea."

Tangu hapo Mama na Bonifasia walikuwa wakisema kila mtungi ulipofunguliwa: huu wa kibuyu, huu wa kikombe. Watu walitoka mbali, hata kijiji cha Runazi, kuja kunywa kwetu, na sikumbuki mwingine aliyeanguka.

Wakimbizi waliporudishwa kwao, Bonifasia aliondoka kwa lori pamoja na wenzake. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaenda moja kwa moja kupalilia migomba, na hakuna aliyemsemesha.

Miaka miwili baadaye mfanyabiashara aliyevuka mpaka alileta salamu: Bonifasia amepanda migomba upya katika kiwanja cha mumewe. Mama alimuuliza ni mingapi, ya aina gani, imefika wapi. Yule mtu hakujua. Mama alimkasirikia siku nzima, lakini alimwekea chakula na akamwambia, safari ijayo, apite kwanza kwa Bonifasia aiangalie migomba hiyo vizuri.