Perege wa Bwawa la Mwisho

Pah. Kimya. Pah tena. Kulikuwa hakujapambazuka, na chini ya meza ya jikoni mkia wa samaki ulikuwa ukipiga ubavu wa ndoo. Mke wa mlinzi aliusikiliza akiwa amelala chali. Wanane, alijua. Mumewe aliwavua jana jioni huko juu darajani, uchafu usikofika, ambako mto ungali mto.

Zamani, mtambo wa majitaka wa kijiji ulipokuwa ukifanya kazi, samaki ndio waliokuwa kipimo cha usafi. Maji yalipita bwawa hadi bwawa, na katika la mwisho waliogelea perege. Wakiishi, koki ya kutolea maji mtoni ilifunguliwa; wakifa, ilifungwa. Kisha pampu zikaungua, mafundi wakahamishwa, lango likatiwa kufuli. Akaachwa mumewe alinde vyuma, akapewa nyumba ya vyumba viwili ndani ya uzio. Lakini kufunga mtambo si kufunga matumbo ya watu. Uchafu uliendelea kuja kwa bomba, ukapita mabwawani kama mgeni asiyepiga hodi, ukaingia mtoni. Huko chini ndiko alikoteka maji dada wa mke huyu, ambaye kitindamimba wake alikuwa wiki ya pili akiharisha.

"Leo bwana afya anakuja," mumewe alisema akifunga vifungo vya shati. "Akiona samaki hai, anasaini kwamba maji ni salama, tunabaki. Wakifa mbele yake, mtambo unabomolewa, na nyumba hii pia."

"Na dada?"

"Achemshe maji."

"Kuni za kuchemshia mto mzima anazo?"

"Mke wangu, usinitie kidole jichoni. Twende wapi na mtoto? Kwa mama yako, tukaanikwe kwenye kamba na nguo?"

Alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akashika ndoo upande mmoja, mumewe upande wa pili, wakaenda kuimwaga kwenye bwawa la mwisho. Binti yao wa miaka mitano aliwafuata na chujio lake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na mama kila asubuhi: kuopoa wale ambao baba aliwatia humo wakafa, na kuwafukia nyuma ya chumba cha pampu.

Bwana afya alifika saa nne, leso puani. Perege walikuwa juu juu, wakipapasa hewa kwa midomo.

"Mbona wananisalimia?" alitania.

"Wanajua mkubwa kaja," mlinzi alisema.

Bwana afya akamgeukia mke wa mlinzi. "Shemeji, wewe unaishi hapa. Maji haya hayana neno?"

Huku paa juu ya vichwa vyao, kule mtoto wa dada. Alimtazama mumewe, mumewe alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Samaki si hao hapo, mnawaona," akasema, na akajichukia kabla hajafunga mdomo.

Kalamu ikatoka mfukoni. Binti alikuwa amechuchumaa ukingoni, chujio mkononi, akishangaa mgeni anaandika nini kuhusu samaki wake. Akavuta pumzi ya kusema. Mlinzi alimkazia mkewe macho: mnyamazishe. Mkono wa mama ukainuka kuelekea mdomo mdogo ule, ukasita, ukashuka ukatulia begani.

"Hawa ni wapya," mtoto alimwambia bwana afya, "wale wa juzi tumewazika mimi na mama."