Madigadi ya Ondiek

Milka hakuwahi kufungua boneti ya gari maishani mwake mpaka asubuhi ile mumewe aliposhindwa kuvaa viatu. Miguu ya Ondiek ilikuwa imevimba hadi ngozi ikang'aa, na uso wake ulijaa hivi kwamba macho yalibaki mistari miwili. Aliketi barazani akihema kama mtu aliyetoka kupanda kilima, ilhali alikuwa hajatoka kitini tangu jana. Kulala chali hakuweza tena. Akijinyoosha tu, pumzi ilikatika.

Figo zake zilikuwa zimekufa mwaka uliopita. Tangu hapo alipelekwa Kisumu mara mbili kwa wiki, damu yake ikasafishwa kwa mashine, akarudi nyumbani Kadibo amechoka lakini mzima. Kisha mvua za masika zikazidi. Mto Nyando ulivunja kingo, ziwa nalo likapanda kutoka upande wa pili, na barabara yao ikazama katikati. Ondiek aliikosa mashine mara ya kwanza, wakasema maji yatashuka. Akaikosa mara ya pili.

Mitumbwi ilikuwa ikivusha watu, mpaka mmoja ulipopinduliwa na mkondo penye kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara, na watu wakafa. Baada ya hapo hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kupita pale, hata kwa kubembelezwa. Milka alipiga simu kuomba msaada, akaambiwa waokoaji wako ng'ambo nyingine ambako watu wamepanda juu ya paa, asubiri. Muuguzi wa kitengo cha figo, ambaye alimfahamu vizuri, hakumficha. Alimwambia sumu inapanda kwenye damu, moyo unaweza kusimama wakati wowote, ajitahidi amfikishe siku hiyo hiyo.

Uani palikuwa na pikapu ya dizeli, magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yakivuta. Ondiek alipewa na Mzee Arvind, mwenye kinu cha mchele, alipostaafu baada ya kumwendeshea malori miaka mingi. Gari lilikuwa refu na lenye nguvu, ila kwenye kalvati maji yalifika juu ya boneti. Injini ingevuta maji badala ya hewa na kufa papo hapo. Milka alikuwa ameyaona magari ya waokoaji yakipita maji kama hayo. Yalikuwa na bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi kwenye paa, yakivuta hewa huko juu.

Alimwambia mumewe kwamba na wao wangefanya vile. Ondiek akatikisa kichwa.

"Gari hilo usiliguse," alisema. "Ndicho kitu pekee nitakachokuachia."

"Mimi sitaki kuachiwa kitu, Baba Awuor."

Robinson, mdogo wake Ondiek, alikuwa amesimama pembeni, suruali imekunjwa hadi magotini. Alimvuta Milka nyuma ya nyumba na kuongea naye kwa upole. Alisema mgonjwa akifika hapo huachwa apumzike, asisumbuliwe. Halafu akaongeza, bila kumtazama, kwamba wazee walikuwa wamekutana jana. Walikuwa wakijiuliza kaburi litachimbwa wapi, kwa maana boma zima ukipiga jembe maji yanajaa. Wengine walipendekeza mwili uhifadhiwe hadi ardhi ikauke.

Mtu alikuwa barazani anapumua, na wenzake walishamtafutia kaburi. Milka alikwenda ukutani akang'oa bomba la plastiki lililokuwa likishusha maji ya mvua kwenye tangi, pamoja na kona zake mbili, akalibeba hadi kwenye gari.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Vifaa alivyovijua ni mkasi, chaki na futi ya kamba. Katika sanduku la Ondiek alipata tindo, nyundo, mkasi wa mabati na gundi ya kuzibia. Umeme ulikuwa umekatika tangu nguzo zianguke, kwa hiyo kila kitu kingefanywa kwa mkono. Aliweka mdomo wa bomba juu ya madigadi ya kulia, bati linalofunika gurudumu la mbele, akachora duara kwa chaki ya nguo, akasimamisha tindo na kupiga. Bati lilibonyea bila kutoboka. Akapiga tena. Mlio ulizunguka boma zima, na majirani wakachungulia. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuacha kupiga.

"Si hapo," sauti ilisema kutoka barazani.

Aligeuka. Ondiek alikuwa ameegemea mbele, mikono yote miwili juu ya magoti.

"Hapo ndani kuna nyaya za taa. Rudi nyuma, karibu na mlango. Shusha kidogo."

Milka alifuta chaki kwa kiganja, akachora upya. Mumewe alimwelekeza kwa maneno machache machache, akipumzika katikati. Alimwambia aanze na tundu dogo, kisha akate kwa mkasi akizunguka. Hilo Milka alilielewa, kwa maana shingo ya gauni ukishaikata kubwa huwezi kuirudisha. Alikata ndani ya mstari, akajaribu bomba, akapanua, akajaribu tena. Kingo za bati zilimchana vidole, damu ikachuruzika kwenye rangi nyeupe. Pale mwanzo alipokosea palibaki kovu la mpasuko, akaliziba kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia na gundi.

Robinson alisimama akitazama. Kaka yake alipokosa pumzi katikati ya sentensi na Milka akabaki akisubiri neno, Robinson alikuja, akachukua bisibisi mkononi mwake na kufungua kopo la ea klina, pale hewa inapochujwa kabla ya kuingia kwenye injini. Pamoja waliunganisha mdomo wa kopo hilo na bomba, wakazungushia mpira uliokatwa kutoka tyubu ya lori, wakakaza kwa waya. Ondiek alitaka kila kiungo kizungushiwe mara mbili. Bomba likapanda kando ya kioo, wakalifunga kwenye reli ya paa, kona ya juu ikitazama nyuma. Lilikuwa limepinda, baya kutazama. Mwishowe Robinson alijaza matofali nyuma ya pikapu, ili maji yasiibebe.

Kisha ikabidi mtu aendeshe. Robinson hakujua kabisa. Milka alijua kidogo, kanisani na kurudi. Walimbeba Ondiek hadi kiti cha mbele, wakamfunga mkanda na kumwekea mto mgongoni. Robinson alishika dirisha kwa muda, kisha akaliachilia.

Mahali maji yalipoanzia, watu walikuwa wamesimama na mizigo yao wakitazama ng'ambo. Waliwapisha. Ondiek alimwagiza mkewe aweke gia nzito ya chini, asiguse klachi tena, asiachie mafuta hata kidogo.

"Ukisimama, ekzosi inakunywa maji na tumekwisha," alisema. "Enda polepole, lakini enda. Kik iluor. Usiogope."

Maji yalifunika magurudumu, yakafika kwenye taa, yakaanza kupenya chini ya milango na kuwalowesha miguu. Mbele ya gari lilijengeka wimbi dogo la kahawia, likawa linasukumwa mbele yao. Milka alifuata nguzo za kando ya barabara kwa macho. Mkono wa Ondiek ulikuwa juu ya goti lake, ukibonyeza alipotaka aongeze mafuta. Karibu na kalvati maji yalipanda juu ya boneti, na hapo Milka alisikia juu ya kichwa chake bomba likivuta hewa, likikoroma kama mtu mwenye mafua. Injini haikufa.

Mkondo ulilisukuma gari kwa ubavu. Aliona nguzo ya kushoto ikija karibu, akakata usukani kulia, gari likaendelea kuteleza. Alimuuliza mumewe afanye nini. Hakujibiwa. Mkono ulikuwa umeteleza kutoka kwenye goti lake, na kichwa cha Ondiek kimelalia kifua.

Baadaye hakuweza kueleza alichofanya. Alikumbuka kwamba alipiga kelele jina lake, jina la Ondiek lenyewe, ambalo hakuwahi kumwita tangu waoane, na kwamba mguu haukuacha mafuta. Tairi liligusa kitu kigumu. Gari liliyumba, likapata lami, likaanza kupanda. Maji yalimwagika kutoka kwenye boneti. Kile kipande cha kopo kilikuwa kimeng'oka na madigadi imekunjwa na mkondo kama karatasi, lakini bomba lilikuwa bado limesimama. Hakusimama kukagua. Ondiek alikuwa akitoa mkoromo mfupi, unapotea, unarudi, na Milka aliendesha hadi Kisumu kwa gia ya pili, bila kutafuta ya tatu.

Hospitalini walimchukua mbio kwenye kitanda chenye magurudumu. Milka alibaki kwenye korido na viatu vilivyojaa matope, vidole vimekauka damu, mpaka muuguzi alipotoka kumwambia kwamba moyo ulikuwa umeanza kupiga ovyo, lakini sasa yuko kwenye mashine. Hakumwahidi zaidi ya hilo.

Jioni Ondiek alifumbua macho. Alikunywa uji vijiko vichache. Milka alitoka nje akampigia Robinson. Robinson aliipokea bila salamu, akasubiri aambiwe.

"Amekunywa uji," Milka alisema.

Alimsikia Robinson akilia. Alipotulia, alimweleza kwamba mchana ule mto uliongezeka. Maji yalikuwa ndani ya nyumba yao, yamefika dirishani, na ukuta wa jikoni umeanguka. Kurudi hakukuwepo.

Milka alikaa kwenye ngazi kwa muda kabla ya kurudi ndani. Alifikiri kumficha Ondiek, kisha akaona kwamba hana nguvu za kuficha kitu. Alimweleza mumewe yote. 

"Mashine nyingine ni lini?" Ondiek aliuliza.

"Ijumaa."

"Basi mpigie dada yako Jentrix, pale Migosi, hapa hapa mjini. Muulize kama kuna chumba cha kupanga karibu naye."

Milka alitoa simu, akaanza kutafuta jina la dada yake.