Ubao wa Usingizi

Kila asubuhi, akishamaliza chai ya rangi na kiporo cha muhogo, Kondo alichukua chaki yake akaenda kuandika kwenye ubao wa duka la ushirika lililokufa, kule Mbagala. Duka lenyewe halikuwa na hata kibiriti. Ubao ulibaki, na watu waliendelea kuusoma kwa mazoea, maana ndio uliokuwaga ukitangaza sukari imefika.

Kondo alikuwa na jambo moja tu la kusema. Bomba la mtaa, ambalo mtaro wake wakazi waliuchimba wenyewe kwa msaragambo, sasa lilikuwa limezungushiwa ukuta na Mudathir. Mudathir huyo ndiye aliyekuwa balozi wao wa nyumba kumi, yule yule aliyepita na filimbi akiwahimiza wachimbaji, yeye mwenyewe jembe hakulishika. Siku hizi kila kitu ruksa, naye akajipa ruksa. Maji aliyafungua usiku tu, kwa saa anayoitaka yeye. Akina mama walikesha na ndoo zao, na aliyesinzia alipitwa.

Ila kuandika Kondo alijifunzia madarasa ya watu wazima, akakomazwa na gazeti la ukutani la kiwanda cha nguo, kabla kiwanda hakijampunguza. Huko jambo halikuvamiwa hivi hivi. Alianza na salamu, akaja kwenye pongezi, akapitia hali ya uchumi duniani na ukombozi wa kusini mwa Afrika, akashukuru kwa usikivu, ndipo bomba likatajwa, chini kabisa, kwa herufi zilizobanana na fremu.

Hakuna aliyefika huko. Msomaji akigusa pongezi tu, alilala. Alilala wima, ndoo mkononi. Wa kwanza alikuwa Shomari, muuza mkaa, na wapita njia walimzunguka kama wanavyozunguka nguzo ya umeme. Wasiojua kusoma walisomewa na jirani, wakalala pamoja naye. Kuku nao walilala pale chini, ingawa hawakusoma chochote. Ilisemekana ni vumbi la chaki. Kondo mwenyewe hakulala, kwa sababu hakuwa na tabia ya kurudia kusoma alichokiandika.

Anastasia, aliyekuwa mpiga chapa wa kiwanda kile kile na sasa anakaanga vitumbua mkabala na ubao, alimwambia bila kuinua macho kwenye kikaango.

"Braza Kondo, wewe unapiga hodi mpaka mwenye nyumba anahama."

"Sasa nifanyeje?"

"Nani kafanya nini. Anza hapo. Halafu ujisomee mwenyewe kwanza, kabla hujawasomesha wenzio."

"Na salamu?"

"Tulishasalimiana asubuhi."

Kondo alirudi kwake, akakaa kibarazani, akazichambua tabia zake kama mtu anayechambua mchele. Salamu aliweza kuzitetea, ni adabu. Uchumi wa dunia aliutetea pia. Kilichomshinda kukitetea ni "baadhi ya watu". Miezi yote ile aliandika baadhi ya watu wamefanya hivi, baadhi ya watu wamefanya vile, na jina la Mudathir hakuligusa hata siku moja. Kumbe maneno yote yale alikuwa akiyapanga kama magunia, ajifiche nyuma yake. Alijitukana kwa Kizaramo, maana Kiswahili alikiona kina adabu mno.

Asubuhi iliyofuata aliandika: Mudathir kaiba bomba letu. Kesho tukabomoe ukuta. Akajisomea. Hakuona cha kuongeza.

Siku hiyo hakulala mtu. Walisoma mpaka mwisho, wengine wakarudia. Shomari alisema imeandikwa vizuri sana, kisha akauliza ile ndefu iko wapi. Tunu, mwenye mtoto mgongoni, hakuficha.

"Kaka Kondo, hili tunalijua. Hata huyu mwanangu analijua. Sie tunakesha bombani, hapa kwako ndo tulikuwa tunapata usingizi. Unatuamsha ya nini?"

"Mkabomoe ukuta."

"Kwa nguvu zipi, na hatujalala?"

Kesho yake Kondo alifika ukutani na nyundo, akamkuta Anastasia peke yake na kijiti chake cha kugeuzia vitumbua. Mudathir alitoka, akawapa pole. Hakukasirika. Alilalamika kwamba foleni imekuwa na maneno mengi, na yeye mwenyewe usingizi umempaa. Kufikia adhuhuri mafundi wake walikuwa wameezeka kibanda cha makuti mbele ya ubao na kupanga mabenchi. Akamkabidhi Kondo boksi zima la chaki.

"Andika kama zamani, mzee wangu."

Watu walishakaa, wanangoja. Kondo akaandika: Ndugu wananchi, awali ya yote. Aliandika salamu, pongezi, dunia nzima, na chini kabisa, safari hii, jina la Mudathir na la baba yake, na alichokiiba. Alipogeuka, mabenchi yote yalikuwa yakikoroma. Mudathir alikuwa katikati yao, kichwa begani kwa Shomari, ufunguo wa bomba ukining'inia shingoni.

Kondo aliuona ufunguo. Ulikuwa hatua chache tu, na kamba yake ilikuwa imelegea. Anastasia, akiwa ameupa ubao mgongo kwa makusudi, alimwonyesha kwa kidevu: nenda.

Alikuwa ameshanyoosha mkono alipokumbuka kwamba hajajisomea. Akarudi ubaoni, akaanza na salamu. Anastasia aligeuka kumwita, macho yake yakaangukia pongezi.

Mudathir ndiye aliyeamka wa kwanza, giza likiwa limeingia. Alimfunika Kondo kwa koti lake, akaenda kufungua maji kwa saa aliyoitaka yeye.