Jino la Upande wa Mionzi

Mitungi ya maziwa ya ngamia ilipoteremshwa sokoni, Maryan aliifungua mmoja mmoja, akainusa, kisha akamsogezea Hibo, mwenzake wa biashara, kifuniko aonje. Zamani angeonja mwenyewe. Tangu apigwe mionzi ya saratani ya koo, maziwa na maji kwake hayakuwa na tofauti, na mate yalikuwa yamekauka.

"Hii imechacha, rudisha," Hibo alisema, akatema. "Na wewe umefura zaidi ya jana. Wallahi unafanana na mtu anayetafuna miraa, shavu moja tu."

"Usinichekeshe. Inauma."

Jino la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeoza. Lilipaswa kung'olewa kabla ya mionzi, lakini kiti cha meno cha hospitali alikotumwa kilikuwa kimeharibika, na zamu yake ya mionzi isingemngoja. Daktari wa Nairobi alimweleza wazi: mfupa uliopigwa mionzi haupati damu ya kutosha. Jino likitolewa ovyo, kidonda hakifungi, na taya linaweza kufa. Mtu asiliguse kabla ya kumpigia simu. Namba aliyopewa iliita tu, haikupokelewa.

Baadaye asubuhi hiyo alimweleza Marete, mtaalamu wa meno wa serikali, mambo hayo yote. Marete akaweka koleo chini.

"Mama, hapo siwezi gusa. Rudi Nairobi."

"Kliniki yangu ni mwezi ujao."

"Basi endelea na dawa."

"Nimemeza mara mbili. Ikiisha, usaha unarudi. Si uwapigie wewe? Wewe watakusikiza."

"Simu ya ofisi haina kredo." Marete alitazama mlangoni. "Mwingine!"

Hibo alikuwa akimngoja nje. "Shida yako ni kusema. Kule Kiwanjani kuna Hirsi, ana chumba chake cha meno, alimng'oa jirani yetu Ruweida jino kabla chai haijapoa. Ukitaja saratani ataogopa kama huyu. Nyamaza."

"Na mfupa?"

"Na usaha ukipanda kichwani?"

Maryan akashika njia ya Kiwanjani. Usiku uliopita alikuwa ametetemeka kwa homa hadi alfajiri.

Chumba cha Hirsi kilikuwa safi. Vyombo vilitoka kwenye mvuke, na yeye mwenyewe alinawa mikono kabla ya kuvaa glavu.

"Salaam aleikum, mama. Uko na presha?"

"Aleikum salaam. Hapana."

"Sukari?"

"Hapana."

"Ugonjwa mwingine wowote?"

Maryan alimtazama. Kijana alikuwa na uso wa mtu ambaye, akiambiwa, angefanya sawasawa kama Marete.

"Sina."

Hirsi alivuta taa karibu. Chini ya taya, ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu pale mionzi ilipopita, na weusi huo uliishia kwa mstari ulionyooka.

"Hapa je?"

"Maziwa moto. Yalinimwagikia."

Alingoja aulizwe tena. Hirsi alikuwa ameshageuka kuchukua sindano ya ganzi. Maryan akavuta shungi hadi kidevuni, akafungua kinywa kadiri taya lilivyokubali.