Mjane wa Mume Aliye Hai

Nilifiwa na mume wangu Jumamosi moja asubuhi, hapa kwetu Soweto East, Kibera, naye mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu akinywa chai. Habari za kifo zililetwa na simu.

Lakini nianze na Lazarus, maana yeye ndiye chanzo. Lazarus ni jirani yetu, na zamani alifanya kazi pamoja na mume wangu katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area. Kiwanda kilifungwa, mwenye mali akahama nchi, na zile pesa walizokatwa kila mwezi ziwasaidie uzeeni zikahamishwa kutoka kampuni hii hadi ile mpaka hakuna aliyejua zilipo. Kila ofisi waliyoingia, waliambiwa waende nyingine. Basi wiki hiyo Lazarus akaja kwetu na viatu vipya.

"Niaje, Nzuki!" akamwambia mume wangu. "Pensheni imepatikana. Na si mtu anatafuta, ni mashine. Unaiandikia kwa WhatsApp, inaitwa Dada Amana. Mimi ilinijibu nikiwa choo."

Mume wangu haitwi Nzuki. Anaitwa Mutinda. Nzuki alikuwa binamu yake, seremala wa Kawangware, tuliyemzika mwaka jana. Jambo hili nilieleze vizuri, maana ndilo lililotutia matatani.

Mutinda alipokuja Nairobi kutoka Mwingi, kule Kitui, hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameomba, akaambiwa asubiri, naye akasubiri huku njaa haimsubiri. Nzuki alikuwa nacho, tena alikuwa ameajiriwa kwenye tanuri la biskuti. Alifanya siku moja, joto likamshinda, akarudi kwa mbao zake. Kitambulisho akampa Mutinda. "Enda kesho useme wewe ni mimi," alimwambia. "Tanuri haiulizi jina." Siku hizo nani hakufanya hivyo? Watu waliazimana hivyo vipande vya utambulisho kama wanavyoazimana sufuria. Picha ilikuwa imefifia, na askari wa getini hakuona tofauti kati ya Mkamba mmoja na mwingine. Mutinda akaingia akiwa Nzuki, akatoka miaka kumi na minane baadaye akiwa bado Nzuki. Kitambulisho chake mwenyewe kilipotoka, aliogopa kusema asije akafutwa kazi. Hadi leo wenzake hawamjui kwa jina lingine.

Na tulichokuwa tunakitaka si anasa. Nyumbani Mwingi tuna nyumba yenye kuta na haina paa. Kuta tulizisimamisha wakati wa mshahara; mabati tukasema yatatoka kwenye pensheni. Sasa mbuzi wa jirani ndio wanaoishi humo. Macho ya Mutinda yaliharibiwa na lile joto, kazi ya ulinzi aliyoipata baadaye wamemwachisha, na mwenye nyumba wa hapa hali mandazi ninayouza akasema amelipwa. Mume wangu anataka kwenda kwao. Lakini hatakwenda kulala kwa mdogo wake kama mgeni, na simlaumu, maana huyo mdogo wake namjua.

Basi Jumamosi hiyo nikachukua simu yangu nikamwandikia huyo Dada.

"Shikamoo, mteja wetu mpendwa," akajibu.

Mutinda akaniambia nimwandikie marahaba. Tangu aingie Nairobi hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo. Akasema huyu dada amelelewa.

Nikaweka namba ya kitambulisho cha Mutinda. Dada Amana akasikitika kutufahamisha kwamba hakuna mtu wa namba hiyo. Nikamtazama mume wangu, yeye akaitazama chai.

"Weka ya Nzuki," akasema, akanitajia namba yote bila kusita. Yake mwenyewe huwa anaisoma kwenye kadi.

"Hongera! Akaunti imepatikana," simu ikasema. Nilipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta. Kabla sijamaliza, ujumbe mwingine ukaingia. "Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa mwanachama huyu ni marehemu. Dada Amana anatoa pole za dhati kwa familia."

"Nani amewaambia nimekufa?" Mutinda akafoka. Kisha akakumbuka kwamba aliyewaambia ni yeye. Nzuki alipofariki, Mutinda ndiye aliyekimbia huku na kule, kwa chifu, hospitalini, kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, akakabidhi kile kitambulisho na kuweka sahihi. Matangani tulimsifu sana kwa bidii ile. Kumbe alikuwa anajizika mwenyewe.

"Mwambie niko hai," akaniambia. Nikaandika: Niko hai.

"Tunaelewa huu ni wakati mgumu," Dada Amana akajibu. "Wengi huhisi kwamba mpendwa wao bado yuko nao."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mutinda hakucheka. Nikajaribu ujanja, nikauliza: je, mtu akiwa alifanya kazi na kipande cha mwenzake? "Hilo ni kosa la jinai," Dada akasema kwa adabu ile ile. "Ungependa kuripoti mtu?" Nikafuta upesi, ingawa sijui kama kufuta kunasaidia.

Halafu Dada mwenyewe akatufungulia mlango. "Mrithi aliyeandikwa na marehemu ni mke wake, Syombua. Je, wewe ni Syombua?"

Syombua ni mimi. Wakati anaandikishwa kazini Mutinda aliulizwa mke wake ni nani, akanitaja, angemtaja nani? Nikabonyeza ndiyo. Hapo ndipo nilipofiwa rasmi. Dada akanipa pole kwa mara ya tatu, akataka kitu kimoja tu: mtu wa nyumba ya marehemu, si binamu wala mjomba, afike nami kwa chifu, akiri kwa sahihi yake kwamba mimi ni mke wa Nzuki.

Mtu huyo ni Kavindu, mke wa Nzuki wa kweli.

Tulikwenda Kawangware kesho yake baada ya kanisa, tukiwa na sukari na mkate. Kavindu anakaa upande wa Riruta Satellite, nyuma ya karakana ya marehemu. Alitukaribisha kwa mdomo, macho hayakutukaribisha. Ukutani palikuwa na msalaba wa kaburi, wa mbao nzuri, ule ambao mafundi wenzake Nzuki walimtengenezea. Mwaka mzima umepita, na jina halijaandikwa.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Huyo Dada Amana nilimwandikia kabla yenu. Tulipotoka matanga nikaambiwa niulize kama kuna kitu mzee aliacha. Nikaambiwa ameacha. Kazi ya kiwanda miaka kumi na minane, na bibi anaitwa Syombua."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Mimi nalala njaa hapa na watoto, naambiwa ameshinda mjini na mbao haziuziki," akaendelea. "Kumbe mshahara unaenda Kibera. Kwa jikoni yako. Na wewe, Mutinda, ulikuwa unajua na unanyamaza tu? Bibi yako?"

Mutinda akafungua mdomo. Kavindu akamzuia kwa mkono.

"Nimelia nimechoka. Sitaki kelele. Nitasaini. Tugawane nusu kwa nusu, mke mwenza, kila mtu aende na yake."

Nusu ilitosha mabati. Nilishapiga hesabu kabla hajafunga mdomo. Nisingelazimika hata kusema uongo. Ningeinamisha kichwa tu, kama mwanamke aliyefumaniwa. Nikamkanyaga Mutinda mguu kwa nguvu zangu zote.

"Ni mimi," Mutinda akasema.

"Ni wewe nini?"

"Hiyo kazi. Ni mimi niliifanya, na kipande cha Nzuki. Yeye alifanya siku moja, joto likamshinda. Hizo zingine zote ni zangu." Akakunja mikono ya shati, akamwonyesha makovu ya tanuri kutoka vidole hadi viwiko. "Syombua ni bibi yangu. Nzuki hakuwahi kukudanganya."

Kavindu akayapapasa yale makovu kwa kidole.

"Kwa hivyo hakuwa na mtu?"

"Hakuwa."

"Na ile njaa?"

"Ilikuwa njaa tu," Mutinda akasema.

Kavindu akajifunika uso kwa leso akalia, na katikati ya kilio akaanza kucheka, akasema, "Njaa tu! Asante Yesu, ilikuwa njaa tu!" Sijawahi kusikia mtu akiishukuru njaa. Akainuka akakata ule mkate wetu, akatumiminia chai nyingine, safari hii ya maziwa mengi. Akatusimulia jinsi Nzuki alivyokuwa akimletea maua ya kuchonga wakati hakuwa na pesa, na yeye baada ya matanga akayachoma yote jikoni.

Nikaona moyo umelainika. Nikasema kwa upole, "Basi kesho twende kwa chifu, tugawane vile umesema."

"Siwezi," akasema.

"Si hapo awali ulisema unaweza?"

"Hapo awali alikuwa mwongo. Mwongo ningemwongezea hata bibi watatu. Lakini huyu?" Akauelekezea kidole msalaba. "Nisimame mbele ya chifu na ndugu zake niseme alikuwa na bibi Kibera? Syombua, mzee wangu hakuniachia shamba, hakuniachia pesa. Ni jina tu aliacha."

Hasira ilinipanda hadi utosini. Nilitaka kumwambia kwamba jina halizuii mvua. Mutinda akanishika mkono, akaniambia, "Wacha. Ako sawa." Tulipoaga, Kavindu alikuwa ameushusha msalaba na kuulaza mapajani, anaufuta vumbi kwa ile leso aliyoilowesha machozi.

Njia nzima ya kurudi nilimsema mume wangu. Nilimwambia ameniacha na mbuzi wa watu. Nilimwambia alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kitu ambacho hata jiwe linaweza.

"Nilinyamaza miaka kumi na minane," akanijibu.

Tulipofika karibu na nyumbani simu ikalia. "Mjane wetu mpendwa," Dada Amana aliandika, "ombi lako halijakamilika." Pale kwenye kona alisimama Lazarus na viatu vyake.

"Niaje, Nzuki! Imeingia?"

Mutinda akapita bila kugeuka.

"Nzuki! Sasa ndio unaringa?"

Mutinda akasimama. "Nzuki alikufa," akasema. "Mimi ni Mutinda."

Lazarus akanitazama, akaanza kucheka. "Shemeji, huyu amekunywa nini huko? Mutinda ndio nani?"

Nilikuwa bado nimekasirika. Hata leo, mvua ikinyesha, huwa nakasirika.

"Ni bwana yangu," nikamwambia. "Nzuki ni wa Kavindu."