Kopo la Tatu

Tega sikio nikutegee. Akiwa hai huniloweshea miguu, akifa hunibeba mgongo. Nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeutawala, nimekula, nimeshiba: ni tikogi, nyasi ya bwawani kwetu Samar, kisiwa cha Ufilipino. Ikiwa hai unaifuata majini hadi magotini. Ikikatwa, ikianikwa na kusukwa, ni mkeka, nawe unaulalia. Siku hizi watoto wote hapa wanashindwa kitendawili hicho, na si ujinga wao. Mkeka wanaujua. Nyasi yenyewe hawajaiona imesimama.

Bwawa lilikuwa la jirani yangu, Mana Pasing. Mana ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetutangulia kuzaliwa. Alilirithi kwa mama yake, na sisi wasukaji ishirini na mmoja sote tulikata humo, hakuna aliyefukuzwa.

Kisha wakaja wasanifu kutoka mjini. Nisiwasingizie, walikuwa watu wapole. Hawakuleta mchoro wao. Walikaa nasi pangoni, tunakosukia kwa sababu ubaridi wa mle huzuia nyasi kukatikakatika, wakasema, "Tubuni pamoja, kazi iwe yenu." Tukabuni mkoba. Mshikio ni mawazo yangu mimi. Nyasi tukaamua ikatwe ingali changa, kabla ya kutoa ua, ili mkoba uwe laini kama shavu la mtoto.

Mkoba ukapendwa hata ng'ambo. Tukaezeka mabati. Rowena, binti wa pekee wa Mana Pasing, alikuwa ameshapiga picha ya pasipoti aende Kuwait kufanya kazi za ndani. Akaiweka chini ya godoro, akabaki kusuka na mama yake.

Lakini nyasi isiyofika kwenye ua haiachi mbegu. Na maji ya rangi tulizochovyea nyasi tulikuwa tunayamwaga kwenye mkondo wa bwawa, sisi wenyewe, kila Jumamosi. Mwaka wa tatu bwawa likawa kama kichwa cha mzee, unywele hapa, unywele pale.

Mwaka huohuo akaja binti mmoja, Miss Jovelyn, kupima mradi huo wa mikoba umetufanyia nini. Alifikia kwa Mana Pasing. Asubuhi yake, mgeni akiwa anaoga, Mana Pasing akatuita jikoni.

"Ana makopo matatu," akasema. "La kwanza la riziki, la pili la kuishi pamoja, la tatu la bwawa. Hali ikiwa njema unatia vijiti, ikiwa mbaya hutii hata kimoja. Sasa hilo la bwawa, jamani, liachwe tupu. Ameniambia mwenyewe: wenye mradi wakiona bwawa linakufa watatuongezea miaka, tufukue mkondo, tupande upya. Wakiona ni zima, wanafunga. Wakifunga, Rowena wangu anaondoka."

"Tupu kama kichwa cha mume wangu," akasema Doray, msukaji mwenzetu.

"Wewe Doray, mumeo yuko hapo nje anakusikia!"

"Asikie. Akikasirika atajing'oa nywele zipi?"

Tukacheka, tukakubaliana. Tupu.

Tukaketi pangoni kwa duara, kila mtu na fungu la vijiti vya tikogi. "Msinionee haya," akasema Miss Jovelyn. Sisi! Angemwambia samaki asilowe. Makopo mawili ya kwanza yakapita, tukajaza kwa haki, maana riziki ilikuwepo na kusikilizana kulikuwepo. Likaja la tatu. Yeye mwenyewe alilishika kwa mikono miwili na kumwinamia kila mmoja, uso wake umeiva kwa joto la njiani.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la mchuzi, unalirudisha na chochote, hata ndizi mbili. Kulirudisha tupu ni kumwambia, usije tena.

Doray alikuwa wa kwanza. Akachungulia, akatia kijiti. "Kimoja tu," akaninong'oneza, "cha heshima." Nami nikaona kimoja kitakuwa kipweke, nikatia viwili. Aliyefuata akatia vitatu, asionekane mchoyo kwangu. Kila mmoja alitia vya heshima tu. Lilipofika kwa Mana Pasing, aliyeketi mwisho, lilikuwa limejaa pomoni.

Alilitazama. Angeweza kulimwaga, na sote tulikuwa tunamwomba kimoyomoyo alimwage. Miss Jovelyn akatabasamu. "Hata bwawa! Kwa kweli sikutarajia, Mana."

Mana Pasing akachomeka kijiti chake pembeni.

"Swali la mwisho," akasema mgeni, kalamu tayari. "Je, kuna kitu ambacho kazi hii imewanyang'anya?"

Tukatazama vidole vya miguu. Matone ya pango yalidondoka, nikayahesabu hadi tisa. Mana Pasing akafungua mdomo, akakohoa. Miss Jovelyn akangoja, kisha akaandika kitu kifupi, akafunga daftari.

Barua ikaja kabla ya mvua. Mradi umefaulu kwa pande zote tatu, unahamia kisiwa kingine chenye shida zaidi. Tulipewa hongera. Rowena akainua godoro, akatoa picha yake. Siku ya kumsindikiza, mama yake alimfungia wali kwenye jani la mgomba. Fundo nikalikaza mimi.

Miezi minane baadaye Miss Jovelyn akarudi na cheti ndani ya kioo. Mana Pasing alimpa kiti kizuri na kahawa.

"Rowena yuko wapi?" akauliza mgeni. "Nilitaka awemo kwenye picha."

"Kuwait."

"Oo. Anaendeleaje?"

"Simu wamemnyang'anya. Huu mwezi wa tatu simsikii."

Miss Jovelyn akakiweka cheti magotini, hakujua akishikeje.

"Inday," akasema Mana Pasing, kwa sauti ya kumwita binti yako mwenyewe, "siku ile ulituuliza kama kazi hii imetunyang'anya kitu."

"Nakumbuka, Mana. Mlisema hakuna."

"Hatukusema. Tulinyamaza, ukaandika wewe." Akasogeza kikombe pembeni. "Ndiyo. Ilininyang'anya bwawa, kisha mwanangu. Nilijua siku ileile, nikakuonea haya."