Kitambaa cha Sanobar

Kaka yangu Ergash ana udhaifu mmoja tu, nao ni tumbo. Tojikhon, mjane aliyekuwa akimtafutia mwanawe mke, aliujua udhaifu huo kabla hajatujua sisi vizuri. Alipopiga simu hakutaja posa wala ndoa. Alisema Jumapili tutoke sote: asubuhi tukaangalie darizi za kale makumbusho, mchana tukale pilau, alasiri tukaone mchezo kwenye jumba la maonyesho. Tashkent nzima inatoka Jumapili, alisema, ninyi mnajifungia ndani mna nini?

"Ni matembezi tu, dada," Ergash akaniambia. "Vijana waonane, basi."

"Matembezi tu," nikasema. "Na mimi nakuja kuhakikisha yanabaki matembezi."

Huyo kijana, Botir mwana wa Tojikhon, alikuwa anakaribia miaka arobaini na alikwisha kuzika mke. Mke huyo, Sanobar, alifia mikononi mwa mama mkwe wake kabla ndoa haijazoeleka. Ukiwauliza majirani zao alikufa kwa nini, wanakuuliza kama umeshakunywa chai. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Oydin, binti wa kaka yangu, nimemlea mimi tangu mama yake afariki, na sikuwa tayari kumtia katika nyumba ambayo watu wakiisikia wanabadilisha mazungumzo.

Oydin mwenyewe alikuwa amechangamka. Anafundisha watoto wa chekechea, wiki nzima anafuta makamasi, na baba yake akisema "tutoke" ana maana twende sokoni tukanunue vitunguu. Alivaa gauni la kijani alilolitunza tangu sikukuu.

"Usininunie, shangazi," akaniambia kwenye treni ya chini ya ardhi. "Sijasema ndiyo. Nakwenda kumwangalia tu. Nikimwona anatafuna kwa kelele, imeisha."

Nikacheka, na moyoni nikamwomba Mungu amtafunishe Botir kwa kelele.

Makumbusho tuliwakuta wanatusubiri. Tojikhon ni mwanamke mnene, nadhifu, ananukia maji ya waridi, na mkoba wake haumtoki kwapani. Botir ni mrefu na mpole, mtu wa kuitikia "ndiyo, mama" kabla mama hajamaliza. Tukazunguka. Ukutani kulikuwa na kitambaa kikubwa cha harusi, maua mekundu mekundu kama komamanga lililopasuliwa, na Oydin akakisogelea mpaka mlinzi akakohoa.

"Ona pembeni pale, shangazi. Jani lile halijajazwa uzi."

"Wameliacha makusudi, mwanangu."

Kwetu hilo kila mwanamke analijua. Ukitarizi kitambaa cha harusi, mwishoni unaacha jani moja tupu, ili maisha ya bibi harusi yabaki na kazi. Anayejaza majani yote amejifungia hesabu ya siku zake mwenyewe. Wasomi wanacheka, lakini sijamwona msomi aliyelijaza jani la binti yake.

"Marehemu mkamwana wangu aliyajaza yote," akasema mtu nyuma yetu. Alikuwa Tojikhon. "Nilimwambia, Sanobar mwanangu, acha jani moja. Mkaidi! Akalijaza. Wiki ileile akalala, hakuamka tena." Akanyoosha mkono wa kushoto, akalifuata lile jani tupu kwa kidole, bila kuligusa. "Wasichana wa siku hizi hamsikii mkiambiwa."

Alisema kama mtu anayesimulia maziwa yalivyochacha. Botir alikuwa dirishani. Nilimwona akifumba macho, kisha akaanza kusoma bango la maelezo ambalo alikuwa ameshalisoma.

Pale pa pilau palikuwa pamejaa kama kawaida ya Jumapili, moshi wa kuni, watu wamebeba vyungu kuwapelekea wa nyumbani. Ergash akafufuka. Mkononi alikuwa ameshashika kijiko kabla hajapata kiti. Tojikhon alikuwa amewekesha meza mapema, na kwenye meza ya jirani, kwa bahati tu, alisema, walikaa Mzee Kobil, kaka wa marehemu mumewe, na wazee wenzake wawili.

"Bahati gani hii!" Tojikhon akapiga makofi.

Bahati yenyewe ilikuwa imevaa kofia mpya na makoti ya sikukuu. Nikakaa karibu na Oydin, karibu sana.

Tojikhon akashika birika. "Mnisamehe namimina kwa kushoto," akasema. "Mama yangu alinichapa mpaka akachoka yeye. Kula, kushona, kumimina, yote kwa huu huu." Akammiminia Ergash chai kidogo tu ndani ya bakuli, kwa heshima, ili apate kumwongezea tena na tena. Oydin naye kidogo. Langu akalijaza mpaka mdomoni.

Kwetu bakuli lililojaa lina maana moja: kunywa, uende zako. Nikalinyanyua kwa mikono miwili, nikanywa lote huku koo linaungua, nikamrudishia.

"Ongeza," nikasema.

Tukaangaliana. Yeye ndiye aliyeanza kutabasamu.

"Dada Marhamat," akasema kwa sauti ya asali, "wapishi wanafungua sufuria kubwa. Mpeleke binti akaone. Haoni vitu hivi kila siku, maskini."

Oydin alikuwa ameshasimama. Ningemwachaje aende peke yake? Nikamfuata. Tulikuwa tumesimama kwenye mvuke, mpishi anageuza nyama kwa mwiko mrefu kama kasia, nilipogeuka na kuona kilichotokea mezani. Tojikhon alikuwa ametoa mikate miwili ya Samarkand, ile mizito inayong'aa, ameiweka mmoja juu ya mwenzake, ameishika upande mmoja. Upande wa pili alikuwa anamsogezea kaka yangu.

"Migumu hii, kaka, nisaidie! Mikono ya mjane haina nguvu."

"Ergash!" nikapiga kelele. "Ergash, usiguse!"

Akanitazama, akanipungia mkono. Baadaye aliniambia alidhani namkataza mafuta. Daktari alimkataza mafuta. Kaka yangu hajawahi kumwona mwanamke akihangaika na kitu asikishike, na njaa ilikuwa inamuuma. Akaishika mikate, akavuta. Ikapasuka, na ungaunga ukamwagika mezani.

Mzee Kobil na wenzake walikuwa wameshainua mikono. "Amina! Mungu awajaalie uzee wa pamoja, nyumba ijae watoto!" Meza nzima, na meza za nyuma, wakapitisha viganja usoni. Amina, amina. Mpishi naye akaweka mwiko chini akasema amina.

Mikate miwili ikivunjwa na wazazi wa pande mbili mbele ya wazee, binti ameposwa. Hakuna karatasi inayoshinda hilo. Nilipofika mezani Ergash alikuwa bado ameshika kipande chake, rangi imemtoka. Ndipo alipoelewa.

"Mimi... nilikuwa nasaidia," akasema.

"Umesaidia sana, mkwe," Tojikhon akajibu.

Akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cha darizi, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri, akafungia nusu yetu ya mkate. Maua mekundu, majani ya kijani.

"Kazi ya Sanobar hii. Kazi nzuri haizikwi na mtu," akasema, akauweka mzigo ule mapajani mwa Oydin. Nilitamani kuusukumia sakafuni, lakini mkate hausukumwi sakafuni, na mwanamke yule alilijua hilo pia.

Nilitaka turudi nyumbani palepale. Ergash akasema tukiondoka tutawaaibisha mbele ya watu, tiketi zimeshanunuliwa, twende, tutazungumza baadaye. Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba la maonyesho, chini ya zile taa kubwa, wanawake wa upande wa Tojikhon walitukimbilia. Wakambusu Oydin mashavu yote mawili. Hongera, hongera, bibi harusi mzuri huyu! Mmoja alimpa shali ndani ya boksi lenye utepe wa hariri, utepe umefungwa mafundo madogo kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima. Mkate ulikuwa umevunjwa muda si mrefu. Boksi lile lilifungwa lini?

Wakamkalisha Oydin katikati ya mama na mwana. Mimi nikapewa kiti nyuma ya nguzo. Jukwaani watu waliimba, wakalia, wakafufuka. Mimi nilitazama shingo ya mtoto wangu. Mwanzoni ilikuwa imekakamaa. Botir akamkodishia darubini ndogo, akamwonyesha jinsi ya kuizungusha. Akamnong'oneza kitu. Oydin akacheka. Tojikhon hakumtazama hata mara moja, kama vile mtu asivyokitazama kitu alichokwisha kukitia mfukoni.

Mapumziko yalipofika nikamvuta Ergash pembeni.

"Nisikilize. Mkate ule bado haujaliwa na jirani hata mmoja. Majirani wakishaula, hakuna kurudi nyuma; kabla ya hapo tunaweza kusema ilikuwa njaa yako. Watatucheka mwaka mzima, tutavumilia. Ila mkate usigawanywe, umenisikia?"

"Nimekusikia, dada." Alikuwa karibu kulia. "Nimekusikia."

Nikashusha pumzi mara ya kwanza siku hiyo.

Tulifika nyumbani jua halijazama. Oydin akaenda jikoni kuchemsha maji, na mimi na Ergash tukaanza. Yeye alisema atatembeaje mtaani, mwanamume aliyevunja mkate akaurudisha. Mimi nikamwambia atembee kwa miguu, kama siku zote. Akasema Botir si mtu mbaya. Nikasema sikuwahi kumwogopa Botir. Akasema Sanobar aliugua, watu wanaugua. Nikamuuliza aliugua nini. Hakujua. Nikamwita mpumbavu, akaniita mchawi wa furaha za watu, akapiga meza, nikapiga meza kwa nguvu zaidi.

"Basi, jamani!" Oydin alikuwa mlangoni. Macho mekundu. "Mnagombana kwa ajili yangu kila siku tangu mama afe. Baba ameshavunja, shangazi. Unataka achekwe mpaka afe? Na Botir... mbona ni mtu wa kawaida tu. Hatafuni hata kwa kelele."

"Mwanangu, kaa kwanza tuzungumze."

"Kunyweni chai," akasema, akatoka.

Ergash akainamisha kichwa. Mimi nikawaza maneno mazuri zaidi ya kumwambia Oydin, maneno ya mama. Nilipoingia jikoni kumtafuta hakuwepo. Maji yalikuwa yanachemka. Mezani kulikuwa na kisu, na ungaunga, na kile kitambaa kimefunguliwa, kitupu.

Nikakinyanyua nikikusudia kukitia kwenye taka. Nimetarizi tangu nina miaka saba, na macho yangu hayawezi kupita juu ya mshono bila kusimama. Kazi ya msichana yule ilikuwa safi. Kila ua, kila jani, uzi umelalia kulia, kama unavyolala uzi wa mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kulia. Nikazunguka ukingo kwa kidole: kulia, kulia, kulia, mpaka pembeni, kwenye jani la mwisho.

Jani lile uzi wake ulilalia kushoto.

Kijani chake kilikuwa kingine, kipya, kisichofifia. Nikageuza upande wa nyuma. Fundo lilikuwa la mkono mwingine. Sanobar hakuwa mkaidi. Alisikia alipoambiwa, akaliacha jani lake tupu, akitumaini maisha marefu. Mtu mwingine ndiye aliyekaa na sindano, kwa utulivu, kwa mkono wa kushoto, akamjazia.

"Oydin!" nikaita. "Oydin!"

Nikatoka mbio kwenye ngazi na kitambaa mkononi. Kutoka ghorofa ya chini nilisikia mlango unafunguliwa, sahani inagonga ukuta, kisha sauti ya yule mama jirani yetu mwenye mdomo, mdomo umejaa mkate.

"Hongera, mwanangu! Mtamu kweli huu. Ghorofa nzima tumekula."